Anayeanza ukubwani achague piano au kibodi?

Majuma matatu yaliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinisimamisha nje ya ukumbi tulimokuwa tumekutana kwa semina ya walimu wa Kiswahili. Nilidhani angeniuliza habari za ngeli au za usanifishaji, kwani hayo ndiyo maswali niliyozoea kuulizwa. Badala yake alinivuta kando, akapunguza sauti kama mtu anayetaka kukopa, akasema: "Daktari, nimesikia nawe umeanza kujifunza kinanda ukubwani. Mimi nina miaka arobaini na saba. Mwezi ujao ni zamu yangu katika chama chetu, nitapewa shilingi 60,000. Ninunue piano au kibodi?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mtaala wa umilisi umeleta somo la sanaa bunifu ambalo muziki ni sehemu yake, na katika shule yao yeye ndiye aliyekabidhiwa kipindi hicho kwa vile husimamia kwaya ya kanisa. Nota hazijui. Kinanda hajawahi kukigusa ila kwa kukifuta vumbi. "Watoto wa Gredi ya Nne wamekwisha kutambua kwamba sijui," aliniambia, "na mtoto akishatambua hivyo, Daktari, kipindi hakipiti." Kisha akanieleza kwamba mjini kwao kuna familia inayohama, nayo inauza piano kuukuu kwa fedha zilezile atakazopewa na chama, na kwamba mwalimu mwenzake aliyesomea muziki amemwonya asithubutu kununua kibodi, kwa kuwa eti kibodi ni kitu cha kuchezea harusini.

Nilimjibu kwa haraka kwamba anunue kibodi, tukaagana. Lakini njiani nilihisi kuwa nimemtendea vibaya. Jibu nililompa halikuwa na maelezo, na jibu la aina hiyo humwachia mtu mzigo uleule aliokuja nao. Deni hilo ninalilipa hapa, nikiamini kwamba miongoni mwa walimu wanaousoma ukurasa huu wamo wengi walio katika hali kama yake.

Niruhusiwe kuanza na neno, maana hilo ndilo shamba langu. Kiswahili hakikujishughulisha kuzitenganisha ala hizi. Katika kamusi za kale kinanda ni ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi, na papo hapo ni jina la jumla la ala za Wazungu zilizofika pwani. Baadaye neno hilo lilihama kwenye nyuzi likatua kwenye vitufe, likakumbatia ogani ya kanisani, hamoniamu ya taarab, kodiani, piano, na sasa kibodi. Ukiambiwa kwamba fulani anapiga kinanda, hujui kama anavuta mivukuto, anarusha nyundo au amechomeka waya ukutani. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa upungufu wa msamiati. Mimi naliona kuwa ukarimu, ila ni ukarimu unaomponza mnunuzi, kwani humfanya adhani kwamba piano na kibodi ni kitu kimoja chenye bei mbili.

Tofauti yenyewe haimo katika mpangilio wa vitufe. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kibodi nyingi zinazouzwa madukani zina 61, yaani oktava tano na kitufe kimoja cha kufungia. Kwa anayeanza, hivyo 61 vinamtosha kwa mwaka mzima au zaidi. Kinachotenganisha ala hizi ni kile kinachotokea kidole kinapokutana na kitufe.

Hebu msomaji alitamke neno barabara. Akiikaza silabi ya tatu, barabára, anazungumzia njia ya magari. Akiikaza silabi ya pili, barábara, anamaanisha sawasawa, ipasavyo. Herufi ni zilezile na mfuatano ni uleule. Kilichobadilika ni mahali ambapo sauti imetiliwa nguvu. Muziki wa piano umejengwa juu ya mkazo wa namna hiyo. Sauti mbili zilezile, zikifuatana kwa urefu uleule, huweza kuwa swali au amri kwa kutegemea kidole kilivyozigusa.

Si bure kwamba ala hii ilibeba habari hiyo katika jina lake. Bartolomeo Cristofori, fundi wa mjini Florence, Italia, aliyeiunda piano mnamo mwaka 1700, alikuwa akikabiliana na udhaifu wa hapsikodi, ambayo huukwanyua uzi kwa kiasi kilekile hata ukibonyeza namna gani. Yeye aliweka nyundo mahali pa kikwanyuo. Nyundo ikirushwa polepole, uzi hunong'ona. Ikirushwa kwa kasi, hunguruma. Waitaliano wakaiita ala hiyo kwa maneno piano e forte, yaani kwa upole na kwa nguvu, na sisi tumebakia na nusu ya kwanza ya jina. Sasa basi, kibodi ya bei ya chini kabisa, ile isiyohisi nguvu ya kidole, humrudisha mwanafunzi nyuma ya mwaka 1700. Aliyepapasa na aliyepiga ngumi hupewa sauti ileile. (Haki isemwe: hata ogani haijali nguvu ya kidole, na Johann Sebastian Bach aliipiga akajijengea jina lisilofutika. Lakini mpiga ogani ana mbinu nyingine, tena miguu yake ina kazi.)

Naandika haya kwa sababu yamenipata. Nilianza nikiwa na miaka 43, kwa kibodi ya vitufe 61 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa visikizi vya masikioni, nikafanya mazoezi kwa nusu saa kabla ya watoto kuamka. Baada ya miezi minane nilikuwa na nyimbo nne. Mwishoni mwa muhula wanafunzi wangu wa isimu waliandaa tafrija katika ukumbi wenye piano ya zamani, na mmoja wao, aliyekuwa amepata fununu, akanitangaza bila kuniomba idhini. Niliketi nikaanza wimbo ambao nyumbani nilikuwa nikiupiga huku nimefumba macho. Vitufe vilikuwa vizito kama vya taipureta. Nusu ya nota hazikutoka, na zile zilizotoka zilipayuka pasipotakiwa. Mkono wa kushoto, ambao nyumbani ulikuwa mtiifu, ulizama kabisa. Nilifika katikati ya ubeti wa pili nikaacha. Wanafunzi walinipigia makofi ya huruma, ambayo ni makofi mabaya kuliko yote, na msichana mmoja wa mwaka wa tatu akasema kwa adabu kubwa: "Mwalimu, umekuja na lafudhi."

Alisema kweli, tena kwa istilahi niliyomfunza mwenyewe. Kitufe cha piano huhitaji uzito wa takriban gramu 50 ili kishuke, kwa maana kwa upande wa pili kinainua nyundo. Kitufe cha kibodi ya kawaida kinasukuma raba au springi nyepesi. Vidole vyangu vilikuwa vimejifunza lahaja moja, nami nikavipeleka kuhutubia wenyeji wa lahaja nyingine.

Je, yule mwalimu anunue piano kuukuu basi? La hasha. Hapa ndipo ninapoachana na mwenzake aliyesomea muziki, kwani yeye anaizungumzia piano kama ilivyo vitabuni. Piano ni mashine ya mbao na chuma. Ina nyuzi zaidi ya 200, na nguvu inayozivuta zote kwa pamoja huzidi tani 15. Nyuzi hizo zimezungushiwa misumari iliyopigiliwa kwenye ubao, na ubao ni ubao: hunywa unyevu wakati wa masika, hukauka wakati wa kiangazi, na kila unapovimba na kunywea, sauti huhama. Kwa sababu hiyo piano hustahili kulinganishwa sauti angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili ni bora. Kule pwani unyevu hauondoki, na nyuzi hupata kutu. Mafundi wa kazi hii ni wachache, na anayeishi mbali na Nairobi hana budi kumlipia fundi nauli ya kwenda na kurudi.

Mhadhiri mwenzangu mmoja alinunua piano ya namna hiyo mwaka 2016. Ilikuwa ya kusimama, ambayo aghalabu huwa na uzito wa kilo 200 na zaidi, na ilihitaji wanaume sita kuifikisha orofa ya pili. Fundi alisafiri kutoka mbali, akazikaza nyuzi, akala chakula cha mchana, na kabla hajapanda gari la kurudi sauti tatu zilikuwa zimelegea tena. Ubao unaoshika misumari ulikuwa umepasuka. Hilo ni jambo ambalo mnunuzi asiye na ujuzi hawezi kuliona, kwa kuwa ufa umefichika ndani. Piano ile leo ni mahali pa kuwekea picha za mahafali. Nilimwuliza mwenzangu kama aliwahi kujifunza wimbo wowote juu yake. Alisema alijifunza mmoja, na kwamba mpaka sasa akiusikia ukipigwa kwenye redio kwa sauti zilizolingana anauona kama umekosewa. Mwenye piano mbovu huyafundisha masikio yake uongo, na sikio la mtu mzima likikariri uongo halisahau upesi.

Watetezi wa piano husema kwamba haihitaji umeme. Naam, hapo wamenishika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchini kote, mwenye piano aliweza kuendelea gizani ilhali wenye kibodi ya waya tulikaa tukisikilizana. Lakini kibodi nyingi za vitufe 61 hutumia betri pia, na hasara ya usiku mmoja haiwezi kulinganishwa na ubao uliopasuka.

Lipo swali jingine ambalo mwalimu yule hakuliuliza, ila nililisikia chini ya lile aliloliuliza: kama umri umekwisha kumpita. Sidai kwamba muziki ni lugha. Wanaodai hivyo aghalabu hawajakichunguza kimoja wala kingine kwa makini. Hata hivyo, katika taaluma yangu suala la umri limepigiwa darubini kwa miaka mingi, na yaliyogunduliwa yanaweza kumfaa anayesimama dukani na fedha za chama mfukoni. Eric Lenneberg, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alishikilia kwamba uwezo wa kuipata lugha kwa urahisi hufifia mtu anapobaleghe. Mwaka 2018, Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker walichapisha uchunguzi uliohusu watu takriban 670,000, wakahitimisha kwamba uwezo wa kujifunza sarufi ya lugha ya pili huendelea hadi karibu miaka 17 na ushei ndipo uanze kuteremka. Habari hizo humvunja moyo mtu mzima. Lakini mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi, wakakuta kwamba katika miezi ya mwanzo vijana na watu wazima waliwatangulia watoto wadogo. Mtu mzima huelewa kanuni akielezwa, hujua namna ya kujisahihisha, na huweza kurudia jambo linalochosha bila kuahidiwa peremende.

Kinachomshinda ni matamshi. Joseph Conrad, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1857, alianza kujifunza Kiingereza akiwa amevuka miaka ishirini, akaja kuwa mmoja wa waandishi wakuu wa lugha hiyo. Lakini waliomsikia akizungumza walishuhudia lafudhi nzito isiyomtoka hadi kifo chake. Kalamu ilijifunza, ulimi ukakataa.

Kwa msingi huo nathubutu kuupindua ushauri unaotolewa kila siku. Tunaambiwa kwamba mtoto apewe ala nzuri kwa sababu ana mustakabali, na mtu mzima apewe kitu chochote kwanza tuone kama atavumilia. Mimi naona kinyume chake. Mtoto wa miaka saba anaweza kuanza kwa kibodi nyepesi, akahamia piano mwaka wa pili, na baada ya miezi michache asiwe na alama yoyote ya kule alikotoka. Mtu wa miaka 47 hana anasa hiyo. Mazoea ambayo vidole vyake vitayashika katika mwaka wa kwanza ndiyo atakayozeeka nayo. Yeye ndiye anayestahili kuwa mchaguzi wa kitufe, naye ndiye tunayemsukumia kile cha bei rahisi kuliko vyote.

Kwa hiyo jibu langu kamili ni hili. Anunue ala ya umeme, si piano kuukuu, lakini asinunue yoyote atakayokutana nayo. Zipo zenye vitufe 88 ambavyo ndani vimewekewa nyundo ndogo ili vimpe mpigaji uzito unaokaribia ule wa piano. Hizo huitwa piano za dijitali, na kama fedha zinafika, achukue hiyo bila kuangalia nyuma. Kama fedha hazifiki, achukue ya vitufe 61 inayohisi nguvu ya kidole, kisha aombe ruhusa ya kuipiga piano halisi mara moja kwa juma, kanisani au chuoni, hata kama ni kwa robo saa, ili vidole visije vikasahau kwamba kuna nchi nyingine. Kama hata hiyo haifiki, basi asubiri zamu nyingine ya chama. Kibodi isiyohisi kidole asiinunue.

Na akishainunua, azime midundo. Kibodi za siku hizi hubeba ndani yake ngoma, besi na okestra nzima. Ukigusa kitufe kimoja kwa mkono wa kushoto, wanamuziki wasioonekana huamka wakakupigia. Mtu mzima hupenda sana jambo hili kwa kuwa humwondolea aibu mapema. Nami nililipenda. Kwa miezi miwili nilidhani najua kupiga, kumbe nilikuwa nikihudhuria tamasha lililofanyika nyumbani kwangu. Ni sawa na mgeni anayezunguka mjini na kijitabu cha maamkizi: anasikika kama anazungumza, hadi mwenyeji amjibu.

Nisije nikaeleweka kuwa naidharau kibodi. Yapo mambo ambayo piano hayawezi katu. Baadhi ya tuni za taarab hutumia sauti zinazoangukia katikati ya kitufe na jirani yake, kama ilivyo katika muziki wa Kiarabu ulioulea. Udi na fidla hazina taabu, kwa kuwa kidole huteleza popote. Piano imefungwa, sauti zake zimekwisha kukatwa. Zipo kibodi zinazomruhusu mpigaji kuishusha sauti moja kwa robo na kuipata tuni hiyo, na si ajabu kwamba ala hii iliingia kwenye taarab ya kisasa ikakaa. Aidha, Trinity College London, mojawapo ya taasisi ambazo mitihani yake hufanywa humu nchini, ina mtihani wa piano na ina mtihani mwingine wa kibodi, kila mmoja na silabasi yake. Mwanafunzi anayekusudia kutahiniwa aulize mapema ni upi. Anayesema kwamba kibodi ni piano iliyoharibika anarudia kosa la wale waliosema kwamba lahaja za Kiswahili ni Kiswahili kilichoharibika.

Mwalimu yule nilimpigia simu nikamweleza haya kwa ufupi, nikampa na kipimo cha kwenda nacho dukani: abonyeze kitufe kimoja mara tatu, kwanza kama anayemwamsha mtoto mchanga, kisha kama anayebisha hodi, kisha kama anayedai kodi ya nyumba, na asikilize kama anajibiwa kwa sauti tatu.

Jumamosi iliyopita alinipigia. Alizunguka maduka manne. Katika la pili muuzaji alimwuliza kama anapima kinanda au tikitimaji. Ile ya vitufe 88 vyenye uzito ilizipita fedha zake, basi amechukua ya 61 inayohisi kidole, na masalio amenunulia kanyagio. Padri wa parokia yao amemkubalia kuipiga piano ya kanisani kila Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya, mradi asisahau kuufunga mlango wa nyuma. Stendi bado hana. Kibodi ameiweka juu ya meza ya kupigia pasi, na mkewe amempa hadi mwisho wa mwezi.